Mtoto wa Mikono Mingi

Nyumba haikuwahi kujaa vile tangu harusi. Wageni walikuja kumwona mzazi, wakamsahau mzazi, wakamng'ang'ania mtoto. Msusi, maana hivyo ndivyo mtaa mzima ulivyomwita, hata wale waliotoka kwake na vichwa vinawauma, alikaa ukingoni mwa kitanda, macho mazito, akimsikiliza mwanawe akizungushwa sebuleni kama sinia ya karamu.

Wivu hakuwa nao. Mwenyewe alilelewa katika nyumba ya watu wengi, ambako mlango ukifungwa mchana majirani huuliza nani kafariki. Kilichomkosesha raha ni mizani. Kichanga alikuwa anapungua. "Akishuka tena kesho, tunamlaza," muuguzi wa kliniki alimwambia, naye akarudi nyumbani akiburura miguu.

Lawama ikatua kwenye maziwa. Wifi yake alisema ni mepesi. Jirani wa mlango wa pili akasema yapo, ila yana ubahili. Basi akanywa uji mpaka tumbo likawa linacheza kama mtungi. Matiti yakajaa yakawa mawe, na bado mtoto, kila alipoletwa, alishika chuchu, akavuta kidogo, akalala fofofo.

"Ameshiba huyo," mama mkwe husema.

Mama mkwe ndiye aliyekuwa bingwa. Mtoto akianza tu kunung'unika, humdaka, akamtia mdomoni kidole kilichooshwa vizuri, akayumba naye toka dirishani hadi mlangoni. Kimya.

"Kwako halii, bibi," wageni humsifu.

"Nimemlea baba yake, nitashindwa na huyu?"

Mchana wa siku hiyo ya mizani Msusi alijikokota kwenda kutafuta maji ya kunywa. Sebuleni watu wamejaa, wanamsema mgeni aliyetoka muda huo huo, viatu vyake bado vinasikika nje. Mtoto alikuwa begani kwa bibi yake. Halii. Anageuza kichwa huku na huku, mdomo wazi, ananyonya ngumi, anaitema, anaitafuta nguo ya bibi. Bibi akamshusha, akampa kidole. Akanyonya, akanyonya, kope zikaanza kushuka.

Msusi akahisi kifua kimelowa. Maziwa yalikuwa yanamtiririka hadi kiunoni.

Hapo akaelewa. Mtoto alikuwa anaomba chakula, wao wanambembeleza. Akishachoka kuomba, ndipo analetwa kwa mama yake, usingizi umeshamteka.

"Mama, nipe mtoto."

"Ngoja apitiwe, mwanangu, nitakuletea."

"Akipitiwa hanyonyi. Ana njaa sasa hivi."

"Mwenye njaa analia," wifi akadakia. "Huyu katulia kama hakimu."

"Katulia kwa sababu mnamzima."

Neno lilimtoka kabla hajalipima. Sebule nzima ikatazama sakafu. Mama mkwe akakitoa kidole taratibu, akakifuta kwenye nguo. Mtoto akapasua kilio. Bibi aliyumba naye kidogo, kidole kikanyanyuka tena, akakirudisha chini.

"Mchukue," alisema. Sauti haikuwa na hasira. Ilikuwa imechoka tu, kama ya Msusi.

Chumbani Msusi alikamua kidogo kulilainisha ziwa, akamvuta mtoto kifuani. Akashika, akaponyoka, akalia. Akashika tena. Kisha ikaja sauti ambayo mama yake hajawahi kuisikia tangu ajifungue: mtoto anapiga mafunda, funda baada ya funda, kama aliyetoka safari ndefu. Alipotaka kusinzia alikunwa unyayo, akaendelea. Msusi naye akasinzia, akashtuka, akasinzia. Kesho mizani ingesema yake. Leo mtoto alikuwa anameza.

Nje ya mlango kiti kikavutwa, mtu akakikalia. Muda si muda mgeni mwingine akaingia.

"Hodi humu. Nimekuja kumbeba mjukuu."

"Leo habebwi," mama mkwe akajibu. "Yuko kazini. Kaa hapa, unipe habari za huko kwenu."