Pembe ya Mzee Lomuria

Mkono wa Nakaale ulikuwa na tabia ya kuamka kabla ya mwenyewe. Alfajiri, macho yakiwa bado yamefumba, mkono ungetambaa chini ya shuka, uipapase pembe ya tumbako, ufungue mfuniko wake wa ngozi, na kabla mama wa watu hajakumbuka hata jina lake, tonge lilikuwa limeshaingia shavuni. Miaka arobaini hivi. Alibatizwa, akachaguliwa kuwa kiongozi wa kina mama kanisani pale Kanamkemer, mtaa wa Lodwar, lakini ungedhani siku ya ubatizo mkono ule aliuacha nje ya maji.

Hakuna aliyemkataza. Mchungaji hakuwahi kulitaja jambo hilo, maana nusu ya waumini wake walitafuna. Ni Nakaale mwenyewe aliyeona haya. Asubuhi moja aligundua kwamba kila siku tangu aokoke alitafuta tumbako kwanza na Mungu baadaye, na Mungu akasubiri tu, kama mgeni mpole asiyetaka kubisha hodi mara ya pili. Hilo lilimuuma sana. Akaahidi kuacha, akaanguka siku ya nne. Akaahidi tena, akafika siku kumi na moja, akaanguka matangani, ambako watu hupitishiana. Mazoea yana taabu.

Safari hii alikuwa amefikisha siku ishirini na sita, na kesho yake alikuwa aende Kakuma.

Kakuma ndiko alikoishi Aregae, mke mwenzake. Zamani wawili hao walichota tumbako kutoka pembe moja, hiyo hiyo, aliyoichonga mume wao Lomuria kwa mkono wake. Kisha Lomuria akafia Lodwar, Aregae akiwa njiani anakuja, na Nakaale akaamuru mzee azikwe bila kumsubiri. Aregae alifika akakuta kaburi limeshafukiwa. Tangu siku hiyo, miaka tisa, hawakusemezana. Sasa Nakaale alitaka kuomba msamaha kabla mmoja wao hajaitwa.

Jioni alimpitia jirani yake Jebet, mwalimu aliyehamia Lodwar kutoka Nandi, ambaye walizoea kusali pamoja kila Alhamisi.

"Mwalimu, niombee nisianguke huko. Huyo mama anapenda tumbako kushinda mimi."

Jebet akaitazama pembe iliyoning'inia shingoni mwake. "Mama, hiyo pembe iko na kitu ndani?"

"Iko kidogo tu. Ya dharura."

Jebet alicheka mpaka akajifuta macho. "Sasa mama, umeshapanga kuanguka, halafu unataka mimi niombe usianguke? Mungu atasikiza nani?"

Nakaale naye akacheka, ingawa ilimchoma.

"Kila siku unasema unajaribu kuacha," Jebet akaendelea kwa upole, akiushika mkono wake, ule ule mtundu. "Yesu alishinda zamani, mama. Si leo ndio anatafuta kushinda. Na wewe ni wake. Usiseme unajaribu. Sema, mimi ni mtu nimeshaacha."

"Na kama ni uongo?"

"Si uongo. Sema mpaka mkono isikie."

Basi Nakaale akatoka nje, akaikung'uta pembe, upepo ukaichukua ile ya dharura yote. Alilia, na asikudanganye mtu, hayakuwa machozi ya furaha. Pembe yenyewe hakuitupa. Ilikuwa kazi ya Lomuria.

Kesho yake, huko Kakuma, alimkuta Aregae ameketi kivulini mwa nyumba yake, akijaza makaa kwenye makopo ya kuuzia. Alikuwa amezeeka. Hilo Nakaale hakulitarajia.

"Ejok," alisalimu.

"Ejok noi," Aregae akajibu bila kuinua macho.

Nakaale akaketi chini kabisa, mchangani. "Nimekuja kuomba msamaha kwa ajili ya siku ile ya maziko," alisema kwa Kiturkana. Akaishia hapo.

Aregae alipoinua macho, yalitua kwenye ile pembe. "Bado unayo."

"Ninayo."

Aregae akainyoosha mikono, akaipokea, akaitikisa sikioni. "Tupu! Pembe ya mzee haikai tupu." Akatoa mkebe wake wa tumbako, akaishindilia pembe mpaka ikajaa, kisha akafinya tonge, akaliweka kiganjani mwake na kumnyooshea Nakaale. "Tafuna nami kama zamani, dada. Yaishe."

Mate yakamjaa Nakaale mdomoni. Harufu ile ilikuwa ya asubuhi zao zote, ya Lomuria akiwa hai, ya ujana wao. Tonge moja tu, na miaka tisa iishe! Nani angemlaumu? Hata Mungu, alijiambia, anapenda amani. Mkono ulikuwa umeshaanza safari. Ulifika nusu ya njia, ndipo akasikia mdomo wake mwenyewe ukisema, "Aregae, mimi ni mtu niliyekwisha kuacha."

Mkono ukasita, ukarudi.

Kiganja cha Aregae kilibaki hewani. "Umeacha," alisema polepole. "Wewe umekuwa msafi, sisi wengine wachafu. Sasa umekuja kuomba nini? Ulininyima kumzika mume wangu, na leo unaukataa hata mkono wangu."

Nakaale akaona kwamba kama hatatafuna, itabidi atoe kitu kingine, na kitu alichokuwa nacho kilikuwa kimoja tu.

"Niliwaambia watu jua lilikuwa kali, mwili haungengoja," alisema. "Ulikuwa uongo. Ungengoja hadi jioni. Nilimuuguza Lomuria miezi mitatu, Aregae, na usiku wake wa mwisho akaita jina lako. Si langu. Wivu ukanishika. Nikasema, basi, na asimzike. Nimetafuna tumbako miaka tisa ili nisiyaseme haya."

Tonge likaanguka mchangani.

"Aliniita?"

"Mara mbili."

Aregae akaangua kilio, kile alichokuja nacho Lodwar siku ile akakosa pa kukiweka. Nakaale alilia pia, bila kuthubutu kumgusa, mpaka Aregae mwenyewe alipomwegemea begani. Wakakaa hivyo mpaka kivuli kikawahama.

Mwishowe Aregae akajifuta uso kwa ncha ya shuka. Akairudisha tumbako yote mkebeni, akaigongagonga pembe kwenye jiwe, akaingia nayo ndani. Alipotoka, ilikuwa imejaa sukari.

"Haikai tupu," alisema. "Na mimi sijaacha, usinihubirie."

"Nimefungua mdomo?"

Walilala kwenye mkeka mmoja. Alfajiri, mkono wa Nakaale ukaamka kabla ya mwenyewe, kama ada yake, ukatambaa chini ya shuka kuitafuta pembe. Ukakuta mkono wa Aregae umetangulia, unaiba sukari. Nakaale akaushika.

"Tusali kwanza," alinong'ona.

Vidole vya Aregae vilikuwa vinanata. Hakuvitoa.