Kiwanda cha Barafu cha Hpa-an

Ratchani alikuwa akisugua sakafu ya duka lake la barafu mjini Mae Sot, Thailand, karibu na mto wa mpaka na Burma, aliposikia sauti mlangoni.

"Dada, bado unasugua mwenyewe? Wafanyakazi wamekukimbia?"

Hakuhitaji kugeuka. Kithai chenye lafudhi ile ya Kiburma alikuwa akikisikia kwa simu tu tangu jeshi litwae nchi ya ng'ambo, mwaka wa tatu sasa. Aliacha ufagio ukaanguka, akamkumbatia Nwe Yin kwa mikono iliyolowa.

"Umenenepa, dada."

"Na wewe umekonda. Tukichanganywa tugawanywe upya tutapata wanawake wawili wa kawaida."

Walicheka. Kisha Ratchani akaona kikapu, na ndani yake, chini ya kitambaa, ukingo mwekundu wa sinia la laka. Akaacha kucheka. Alilijua sinia lile.

Alilikuta mara ya kwanza Novemba ya mwaka 2013. Burma ilikuwa imeanza kufunguka, na kila mwenye duka Mae Sot alizungumzia kwenda kuwekeza huko, ingawa wengi hawakufika mbali na mto. Ratchani, mjane mwenye kiwanda kidogo cha barafu, alikwenda. Siku hizo barabara ya mlimani ilikuwa nyembamba, magari yakipita kwa zamu, siku moja ya kupanda tu, siku ya pili ya kushuka tu. Alifika mji wa Hpa-an jioni, mifupa inamuuma, hajala tangu alfajiri, akaketishwa mkekani mbele ya Nwe Yin na wajomba zake watatu.

Katikati waliweka sinia. Lilikuwa na vyumba: kitunguu saumu cha kukaanga, ufuta, karanga, kamba wakavu, na katikati lahpet, majani ya chai yaliyochachushwa yakakolezwa mafuta. Wajomba walikuwa bado wanaeleza masharti ya kiwanda cha barafu ambacho wanawake hao wawili walitaka kukijenga pamoja. Mgeni hawezi kumiliki ardhi, kwa hiyo kiwanja kitakuwa kwa jina la Nwe Yin. Kila mmoja nusu. Hakuna atakayeuza pasipo mwenzake kukubali. Ratchani alikuja na nia ya kudai sehemu sitini kwa mia, maana mashine zote zilikuwa zake. Lakini njaa haina subira. Alichota majani na saumu, akala. Akachota tena. Mara ya tatu aligundua kwamba nyumba nzima imenyamaza.

Mjomba mkubwa, U Ba Shein, alicheka hadi akashika mbavu. "Basi! Mthai amekubali!"

Kumbe kwao watu wakishakula lahpet juu ya shauri, shauri limekwisha. Ratchani angeweza kusema hakujua. Alitazama zile nyuso, akaona haya, akanyamaza. Baadaye alizoea kusema kwamba hakuwahi kula chakula ghali kama kile, wala kufanya kosa zuri kama lile.

Sasa walikaa kwenye benchi nyuma ya duka, kikapu kati yao, hakuna aliyekigusa.

"U Pho Tint hajambo?" Ratchani aliuliza. Huyo alikuwa fundi wao wa mashine.

"Hajambo. Bado anasimulia lile gogo la kwanza."

Gogo la kwanza la barafu lilitoka jeupe kama maziwa. Wateja walilikataa. Hpa-an watu walitaka barafu ya kuona upande wa pili. U Pho Tint alihangaika wiki nzima na mirija ya kupuliza hewa kwenye makasha ya kugandishia maji, hadi siku moja alisimamisha gazeti nyuma ya gogo akasoma kichwa cha habari kwa sauti, herufi kwa herufi, kama mtoto wa darasa la kwanza, wauza samaki wakampigia makofi.

"Na siku ya kura," alisema Nwe Yin.

"Usinikumbushe siku ya kura."

Lakini walikumbushana uchaguzi ule wa mwaka 2015. Mstari ulizunguka shule mara mbili, jua la Novemba likiwaka, vikongwe wamevaa nguo zao za sikukuu. Nwe Yin aliamuru magogo sita yavunjwe yatiwe kwenye ndoo za maji ya kunywa. Watu walitoka ndani vidole vimechovywa wino wa zambarau, wakachukua vipande vya barafu, wakavishika tu, wakitabasamu, mpaka vikayeyuka. Usiku ule Ratchani alichora kwenye kalenda chumba cha pili cha kugandishia. Kalenda hiyo alirudi nayo Mae Sot, na ilikuwa bado imetundikwa hapo ukutani, juu ya vichwa vyao.

Nwe Yin aliitazama. "Umeme siku hizi ni wa saa nne tu kwa siku. Kuna siku hauji kabisa. Dizeli tunapanga foleni."

"Najua. Tungoje. Nchi itafunguka tena."

"Umekuwa ukisema hivyo kila mwaka, dada."

"Nani anataka kununua?"

Nwe Yin alishtuka kidogo, kisha akatulia kama aliyetuliwa mzigo. "Mwenye malori mmoja. Rafiki wa wakubwa wa jeshi. Bei yake hata theluthi haifiki."

"Basi mwambie akagandishe maji ya mto mwenyewe!" Ratchani alisimama. "Miaka kumi, Nwe Yin! Makasha yale niliyavusha mlima mimi, nikilala juu yake. Leo nimpe mtu wa namna hiyo?"

Nwe Yin alikunjua pindo la longyi yake, shuka aliyojifunga kiunoni, akalikunja tena.

Ratchani alimtazama mikono. Alimjua mwenzake. Bei mbaya peke yake isingemvusha mto.

"Kuna nini kingine?"

"Wanaandikisha vijana jeshini. Jina la Zeya limo." Zeya alikuwa mwanawe wa pekee. "Mwenye malori anasema tukimwachia kiwanda, jina litafutwa, na kijana atapata karatasi ya kuvuka mpaka. Anataka jibu Ijumaa."

Ratchani aliketi. Nje, pikipiki ilisimama, mtu akaita barafu, akaondoka bila kujibiwa.

"Ardhi ni kwa jina lako," alisema mwishowe. "Ungetia sahihi tu. Ningesikia kwa watu. Ningefanya nini?"

"Nisingeweza."

"Kwa nini?"

"Ulikula," Nwe Yin alisema. "Wajomba zangu wote watatu wamekufa, lakini ulikula mbele yao."

Ratchani alitazama kalenda. Chumba cha pili alikichora kwa kalamu ya risasi, mlango upande wa mashariki, nafasi ya lori kugeuza. Alikuwa amekipenda sana chumba kile ambacho hakikuwahi kuwapo. Alijaribu kumwona mwenye malori akifungua lango asubuhi, akashindwa. Alichoona ni U Pho Tint na gazeti lake.

"Huyo Zeya," alisema, "anaweza kubeba gogo zima?"

"Analibeba begani. Halafu analalamika siku mbili."

"Alalamikie hapa. Nina nafasi ya mtu wa kulalamika." Alivuta kikapu, akafunua kitambaa. "Na U Pho Tint aniletee ile ndoano yangu ya barafu. Hiyo simwachii mtu."

Nwe Yin aliweka sinia katikati ya benchi. Ufuta ukamwagika kidogo.

"Dada, safari hii subiri nimalize kueleza masharti."

"Eleza," Ratchani alisema, na tayari alikuwa anatafuna.