Seli Zilizomwagwa Saa Kumi

Mpwa wangu alikuwa amekwisha kuuchora mstari wa vipimo vyake mara tatu, na mara zote tatu ulilala kama ubao wa meza. Alichunguza kimeng'enya kimoja kinachopeleka ishara ndani ya seli. Dai lake lilikuwa kwamba wingi wake haubadiliki, bali bidii yake: seli inapokua, hufanya kazi kivivu, inapokaribia kugawanyika, huchachamaa, kisha hunyamaza tena. Bila kilele katika mchoro, kazi yake ya miaka miwili ilikuwa maneno matupu.

Jumatano asubuhi mkuu wa maabara, ambaye sote tulimwita Kalamu Nyekundu, alisimama mlangoni.

"Ijumaa nataka kilele, au nataka mada nyingine."

"Utakipata, mzee."

"Mlima hauoti kwa kutamaniwa."

"Ndiyo maana nimevaa viatu vya kupandia," alijibu, wala hakuinua macho kutoka kwenye chupa zake.

Mimi nilikuwa fundi wa maabara ile kwa miaka thelathini na minne. Ni mimi niliyemfundisha kushika chupa, na kanuni zangu saba, nilizoziandika kwa mkono, zilikuwa zimebandikwa juu ya sinki. Sikupenda kuulizwa sababu zake.

Seli zilikuwa zimezuiwa kwa dawa, zikasimama zote mahali pamoja katika mzunguko wao. Saa moja asubuhi aliiosha dawa ile, nazo zikaanza mwendo kwa pamoja. Kila saa alichukua chupa moja, akaisuuza mara mbili, akazikwangua seli zilizoshika sakafu ya chupa, akaziweka kwenye barafu. Hakuketi. Chai niliyompelekea ilipoa dirishani.

Saa kumi alasiri, kabla ya kusuuza, aliiweka chupa chini ya darubini, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Akaisuuza, akatazama tena.

"Mjomba, hebu njoo. Kulikuwa na seli za duara, tele. Sasa hazipo."

"Zimekwenda na maji. Seli iliyolegea imekufa. Kanuni ya nne."

"Zife zote saa kumi? Zilifanya mkutano?"

Niliinamia chupa ya pili, ambayo ilikuwa haijasuuzwa. Zilikuwamo, zinang'aa, nyingine zimekwisha kubinyika kiunoni, tayari kuwa mbili. Maiti haigawanyiki. Seli inayogawanyika hujikunja ikawa duara na kuiachia sakafu. Nami nilikuwa nimemfundisha kuzimwaga zile zile alizozitafuta. Alizozimwaga zilikuwa ndani ya ndoo ya dawa ya kuua vijidudu. Hazikuokoleka.

"Kosa ni langu," nilisema.

"Lawama baadaye, mjomba. Lile kundi la seli za akiba bado limezuiwa kwa dawa?"

"Bado."

"Basi kesho saa moja. Na usichelewe."

Alhamisi tulifanya kazi wawili. Hatukumwaga tone. Kila saa aliigonga chupa kwa kiganja, akayakusanya maji pamoja na seli zilizoachia, akayatia katika mashine ya kuzungusha mpaka seli zikatulia chini ya kichupa kama punje ya chumvi. Hizo akazichanganya na zile zilizokwanguliwa. Mgongo uliniuma, lakini sikuketi, kwa kuwa yeye naye hakuketi.

Ijumaa asubuhi alipima. Mstari ulitambaa chini saa baada ya saa. Ulipofika saa kumi, ukapanda hadi mara nane ya ulivyokuwa, kisha ukaporomoka.

Kalamu Nyekundu aliukazia macho. "Na zile mara tatu za mwanzo, kilele kilikuwa wapi?"

Mpwa wangu alifungua kinywa. Nilimjua, alitaka kunisitiri. Nikamtangulia.

"Kilikuwa kwenye ndoo. Mimi ndiye niliyemfundisha kukimwaga. Iandikwe hivyo katika ripoti."

"Umewafundisha hivyo wangapi?"

"Wote."

Alivua miwani, akaifuta taratibu. "Basi kuna watu wa kuandikiwa barua."

"Nitawaandikia kwa mkono wangu."

Nikaiomba kalamu yake, nikaenda kwenye sinki, nikaipiga mstari kanuni ya nne. Mkono ulikuwa bado juu ya karatasi mpwa wangu aliposogea nyuma yangu.

"Taratibu, mjomba. Ya kwanza inasema tunawe mikono. Hiyo tuachie."

Nikamrudishia mkuu kalamu yake, nikanawa, nikaketi kuandika barua ya kwanza.