Programu Tatu Zilizokuja Kumposa Mwalimu Minza

Usiku wa kuamkia Jumamosi, Mwalimu Minza Lusangija aliota programu tatu za simu zimekuja kumposa.

Hakushangaa. Alikuwa na miaka arobaini na mitatu, watoto watatu na mume aliye hai, na mume huyo, Nkwabi, ndiye aliyekuwa akiwapitishia wageni soda. "Karibuni, hapa ni kwenu," aliwaambia, akawafungulia chupa moja moja.

Sababu ya ugeni ilijulikana. Minza alikuwa katibu wa timu ya baiskeli ya wanawake wa Mwamalulu, nje kidogo ya mji wa Shinyanga. Mfadhili alikuwa amewapa waendeshaji wote wanane mikanda ya kifuani ya kupima mapigo ya moyo, ila mikanda ile ilihitaji programu ya kutunza na kuchambua takwimu za mazoezi. Minza akaombwa achague moja. Wiki tatu alisoma sifa za programu mpaka macho yakamwasha, asichague. Kikao kilikuwa Jumamosi hiyo saa nne asubuhi, na hapo hapo yangesomwa majina ya watakaokwenda kwenye mashindano Mwanza.

Mahali pa shangazi, kwenye kiti chenye kitambaa, ilikaa baiskeli yake nyekundu. Ilikuwa imejifunga kitenge kwenye usukani.

"Semeni shida yenu," baiskeli iliwaambia wageni. "Mtoto wetu anawasikiliza."

Mposaji wa kwanza alikuwa mrefu, suti yake imechorwa grafu hadi kwenye soksi. "Mimi nina grafu arobaini na mbili," alisema.

"Zinaonyesha nini?"

"Rangi."

"Rangi za nini?"

Mposaji alifikiri. "Hilo hakuna mteja aliyewahi kuliuliza."

Wa pili alikuwa wa bure. Alipiga goti mbele ya Minza kwa heshima zote. "Nitatunza kilomita zako maisha yangu yote. Je, unasumbuliwa na kunguni? Dawa ipo! Maisha yangu yote, Mwalimu."

"Kunguni hatuna," alisema Minza.

"Gusa alama ya kufunga tangazo," alimwomba yule mposaji kwa uchungu, akimwonyesha sikio lake. Minza aligusa. Likafunguka tangazo lingine.

Wa tatu hakuonekana. Kwenye kiti chake palikuwa na sufuria yenye mfuniko.

"Huyu ana haya," Nkwabi alieleza, akaiwekea sufuria soda yake.

Baiskeli ilikohoa. "Maneno hayaoi. Kazi yenu ni kuchambua takwimu. Haya, chambueni tuone."

Hapo ukuta wa sebule uliondoka, na wote wakawa kwenye uwanja wa kiwanda cha kuchambua pamba.

Jua linawaka. Kilomita zote ambazo Minza ameziandika kwenye daftari mwaka huu zimefungwa marobota, nyeupe, laini, zinapeperuka kidogo. Wanawake wamekaa chini wanazichambua kwa mikono, na mmojawao ni Nyanzobe.

Nyanzobe alikuwa fundi cherehani na mwenzake Minza kwenye timu. Nafasi ya mwisho ya kwenda Mwanza ilikuwa kati yao wawili, na ingetolewa kwa mwenye jumla kubwa ya kilomita. Minza alikuwa akiongoza kwa arobaini.

"Mwalimu," Nyanzobe anasema bila kuinua kichwa, "hii sitini yako mbona nyepesi?"

Anaitupa kwenye mzani. Mzani hautikisiki.

"Shikamoo, Mwalimu," sitini inasema.

"Marahaba."

"Mimi ni ya tarehe kumi na mbili Juni. Ndani sina kitu. Nimejikaza miezi miwili nionekane nzito, lakini sasa mgongo unauma."

Minza aliangalia viatu vyake. Tarehe kumi na mbili Juni hakuendesha hata mita moja. Ila jioni, alipofungua daftari na kukuta nafasi wazi kati ya hamsini na hamsini na tano, ilimkera kama jino lililong'oka, akaijaza.

"Mimi siku hiyo nilikuwa nyuma ya mlango," baiskeli ilisema taratibu. "Nimeegemea gunia la mpunga. Sikupenda kulisema mbele ya wageni."

"Hata hivyo naweza kuitengenezea grafu," alidakia mposaji wa kwanza.

"Ya kitu kisichokuwepo?"

"Hizo ndizo zinazopendeza zaidi."

Mzani ukasafisha koo. "Uzito ni sifuri. Makosa ya takwimu yanarekebishwa kwenye wingu peke yake. Na wingu linafunga saa nne."

Minza alifunga sufuria kwenye keria kwa mpira, akapanda baiskeli. Barabara ilinyanyuka mbele yake kama mkeka unaokung'utwa, ikaelekea juu. Wale waposaji wawili wakafuata, kila mmoja na baiskeli yake.

Kilomita ya kwanza kuna kizuizi na askari mwenye kitabu. Moyo wa Minza unashuka kifuani, unajipanga kwenye foleni.

"Kanda gani?" askari anauliza.

"Kanda ya Ziwa," moyo unajibu.

"Sijauliza kwenu wapi. Nimeuliza unadunda vipi."

"Mia na arobaini kwa dakika."

"Kanda ya tatu. Pita, usikimbilie sifa."

Kwenye kizuizi cha kanda ya nne askari alikuwa mwingine. "Mwalimu, sema sentensi nzima."

"Leo mimi na..." Minza alisema, pumzi ikakata.

"Inatosha. Pumzi imekata, hii ni kanda ya nne kweli. Pita." Nyuma yake mposaji wa bure alitaka naye kusema sentensi, akaanza kutangaza magodoro, akawekwa pembeni. Yule wa grafu alikuwa amesimama zamani, akilalamika kwamba huku mtandao hauvuti.

Kanda ya tano haikuwa na askari. Palikuwa na kibao tu: HAPA HAKAI MTU. Minza alipita amesimama kwenye pedali, meno nje, sufuria ikigongagonga nyuma.

Juu kabisa lilikuwepo wingu. Lilikuwa na dirisha la huduma na kiti kimoja cha plastiki, na nyuma ya dirisha hakuwepo mhudumu ila wingu lenyewe.

"Nenosiri," wingu lilisema.

"Nimesahau."

"Wote mmesahau. Jibu basi swali la usalama. Tarehe kumi na mbili Juni ulikuwa wapi?"

Minza alilamba midomo. "Mazoezini."

"Si sahihi. Umebakiza mara mbili."

"Nilikuwa njiani."

"Si sahihi. Umebakiza mara moja."

Baiskeli iligonga kengele yake, mara moja tu, kwa sauti ndogo. Minza aligeuka akatazama chini. Kule mbali kwenye vumbi alimwona Nyanzobe anaendesha peke yake. Kila alipomaliza kilomita alishuka, akaiokota, akaifuta kwa upindo wa kanga na kuitia mfukoni, kisha akapanda tena. Minza alimtazama akiokota tatu.

"Nilikuwa harusini Maganzo," alisema. "Nilikula pilau. Sahani mbili."

"Tatu," wingu lilisema.

"Tatu."

"Umeingia. Sasa pakua."

Dirishani ukatokea mwiko na sahani. Minza alifunua sufuria. Programu ilikuwa humo, ya kijivu, nzito kiasi, inafuka moshi kama uji wa mtama.

"Mimi nina umbali, muda na mapigo," ilisema kwa haya.

"Na grafu?"

"Moja. Inapanda au inashuka."

"Siku nisipoendesha unafanyaje?"

"Naacha nafasi wazi. Mtu naye apumzike."

Minza alisikia mabega yake yakishuka. "Nakuchukua," alisema.

"Kujaribu ni siku kumi na nne," programu ilimjulisha, "kuanzia tonge la kwanza."

Akapakua, akala. Haikuwa na ladha kubwa, lakini ilikaa tumboni. Alipokwangua ukoko, wingu liliangalia saa, likasema muda wa kazi umekwisha, likanyesha. Minza alishuka nalo.

"Mama Sayi! Mama Sayi, saa mbili hii!" Nkwabi alikuwa akimtikisa bega. "Unapiga miguu kitandani kama unapanda mlima. Umenifukuza mimi na shuka."

Minza aliketi. Alivuta daftari, akafungua Juni, akapiga mstari juu ya ile sitini na pembeni akaandika: *harusi*. Kisha akachukua simu na kumpigia Nyanzobe.

"Nyanzobe, ile sitini yangu ya tarehe kumi na mbili Juni niliizua. Sikuendesha. Nafasi ya Mwanza ni yako, na nitasema hivyo kikaoni."

Upande wa pili Nyanzobe alisimamisha cherehani.

"Najua, Mwalimu," Nyanzobe alisema. "Gauni la yule bibi harusi nilishona mimi. Nilikuwa meza ya nyuma yako."

"Mbona hukusema?"

"Nilijua wa kukuumbua ni mlima wa huko Mwanza, si mimi. Nikasema tuuachie kazi yake." Alicheka kidogo, halafu sauti ikalainika. "Ila nashukuru umewahi. Utakuja Mwanza unishikie maji?"

"Nitakuja."

Simu ilipokatika, ilitetemeka mkononi mwake. Minza alikuwa hajapakua programu yoyote, na bando lilikuwa limeisha tangu Alhamisi. Kwenye kioo kulikuwa na ujumbe mfupi wa kijivu: *Karibu, Mwalimu Minza. Zimebaki siku kumi na tatu.*

Nkwabi aliingia na chai na sahani ya viazi vitamu, akamsogezea.

"Kula wewe," Minza alisema, akijishika tumbo. "Mimi nimeshiba."