Masikio ya Dume Mchanga

Kitu cha kwanza binti alichokiona ni kidole. Baba yake alikuwa anamimina chai, na ncha ya kidole ilikuwa ndani ya kikombe, ikingoja chai iiguse ndipo aache kumimina. Binti alitazama, akanyamaza. Kunyamaza hakukumsumbua. Baba mdogo alikuwa amembandika jina zamani: Bubu.

Siku chache baadaye walitoka watatu asubuhi kwenda kuwinda: baba, baba mdogo, na binti mwenye dumu la maji. Bunduki ilikuwa moja tu. Ya baba mdogo ilikuwa imetundikwa sebuleni kwa mnyororo tangu alipoangusha swala dume mchanga. Sheria ilikuwa ya baba mwenyewe, mkuu wa wawindaji wote wa pale: dume ambaye pembe zake hazijapita masikio haguswi. Aachwe akomae, apande majike, aache watoto nyuma yake. Anayekosea, bunduki ukutani msimu mzima.

"Hata mkuu?" baba mdogo aliuliza siku ile, akiikabidhi yake.

"Hata mimi."

Tangu hapo, japo hakuwa na bunduki, baba mdogo hakukosa safari hata moja, akingoja kaka yake akosee.

Walijibanza nyuma ya matawi karibu na dimbwi. Majike wakatoka kichakani kunywa maji. Nyuma yao akaja dume, akasimama ghafla.

"Huyo," baba akanong'ona. "Mnaona pembe zilivyosimama?"

Binti alitazama. Vilivyosimama vilikuwa masikio. Dume alikuwa amehisi kitu, akayainua wima, marefu, meusi nchani. Pembe zilikuwa katikati yake, fupi kama vidole gumba.

Akamgeukia baba mdogo. Naye alikuwa ameona. Macho yake yalikuwa yanacheka.

"Dume la haja hilo, kaka," akasema kwa sauti ya chini. "Usimkawize." Kisha mkono wake ukamshika binti kiwiko, ukakaza. "Na wewe Bubu, fanya kazi unayoijua."

Baba akaegemeza shavu kwenye bunduki. Kidole kilekile cha kwenye chai kikatafuta kifyatulio, kikakipata.

Binti alijua yatakayofuata. Dume yule akianguka, baba atampapasa kichwa na kulijua kosa kwa vidole vyake mwenyewe, na jioni bunduki yake itatundikwa mbele ya wawindaji wote, mdogo wake akishangilia. Angeweza kukohoa tu. Swala angekimbia, na siri ingelala. Lakini kesho kingetikisika kichaka kingine, na huenda ndani yake yumo mtu anayeokota kuni.

"Baba, hayo ni masikio!"

Sauti ilitoka kubwa kuliko alivyokusudia. Kundi likatawanyika, vumbi likabaki.

Baba mdogo akaangua kicheko. "Makubwa! Bubu kapata ulimi! Kaka, huyu anaota. Pembe zilikuwa hivi!" Akanyoosha mkono mmoja kuonyesha urefu. Mwingine ulikuwa bado kwenye kiwiko cha binti.

"Mwachie mwanangu," baba akasema bila kugeuka. "Nasikia unavyomkwaruza nguo tangu tulipoanza kulenga. Ulikuwa unamzuia nini?"

Kicheko kikakatika. Mkono ukaachia.

Baba akatoa risasi kwa kupapasa, akaitia mfukoni. Alimnyooshea binti bunduki, lakini akainyoosha pembeni kidogo, pale ambapo hapakuwa na mtu. Binti akasogea, akaipokea. Ilikuwa nzito, na bado ina joto la shavu la baba.

"Pembe zake zilifika wapi?" baba akauliza.

"Hata nusu ya masikio hazikufika."

Akatikisa kichwa taratibu. Akakaa chini, akafuta macho kwa kiganja kama mtu anayefuta kioo, akayafumbua tena, akayaelekeza dimbwini.

"Wamerudi?"

Majike wawili walikuwa wamesharudi, wanakunywa, peupe kabisa mbele yake.

"Baba," binti akasema, "huoni. Tangu siku ile ya chai najua huoni."