Jaketi Iliyojaa Yenyewe

Nelius alikuwa mita tisa chini ya maji ya bwawa la Kiambere alipohisi jaketi ikimbana mbavu. Hakuwa amegusa kitufe cha hewa. Tochi haikuonyesha chochote ila tope, lakini masikio yalimwambia anapanda.

Jaketi ya mzamiaji ina mfuko ndani: ukiujaza hewa unaelea, ukiitoa unashuka. Nelius ndiye aliyewafundisha hayo wazamiaji wa kujitolea wa Kiritiri, akiwaonya kwamba anayepanda akiwa amebana pumzi anaweza kupasuka mapafu. Sasa alijilazimisha kutoa pumzi, aaa, huku akivuta kamba ya begani ya kutolea hewa. Mapovu yakatoka kwa kishindo, lakini kitufe kiliendelea kujaza. Kilikuwa kimekwama.

Akapapasa mpira mwembamba unaoleta hewa kwenye jaketi kutoka kwenye mtungi. Vidole vikateleza. Mara ya pili akaivuta nyuma pete ya chuma na mpira ukachomoka. Jaketi ikanywea. Kipimo mkononi kilisoma mita nne. Akashika kamba ya boti na kukaa hapo dakika tatu ili mwili uzoee kabla ya kupanda.

Muriithi, mzamiaji mwenzake aliyekuwa botini amevaa vifaa tayari kumfuata, alimvuta juu.

"Kumetokea nini?"

"Kitufe kimeshikwa na matope."

"Si uliosha jaketi Jumamosi?"

Nelius akaanza kuivua. Jumamosi aliimwagia maji nje tu, akaianika, akakimbilia harusi Manyatta.

Ufuoni Wawira alikuwa ameketi akisubiri. Mtumbwi wa mumewe, Ngari, ulikuwa umepinduka juzi, na Ngari hakuonekana tena. Wawira alisimama kabla boti haijagusa mchanga.

"Umemwona?"

"Hapana, mama. Na leo sirudi. Jaketi yangu ni mbovu, na kosa ni langu. Sikuiosha vizuri."

"Na huyu mwenzako?"

"Akizama yeye, lazima mimi niwe tayari kumfuata. Siwezi na hii."

Wawira alitazama maji. "Kwa hivyo analala huko tena."

Nelius angependa atukanwe, ingekuwa afadhali. Alichukua jerikeni ya maji safi, akapiga magoti, akaanza kumimina ndani ya mfuko kupitia bomba la kupulizia. Jaketi ilimteleza, maji yakamwagika. Wawira akaja akachutama kando yake.

"Nishike wapi?"

"Hapa begani. Inua."

Nelius akapuliza, wakaitikisa pamoja, wakaigeuza bomba likiwa chini kabisa, akafinya kitufe cha kutolea hewa. Yakatoka maji ya kahawia na mchanga. Walirudia mara tano mpaka yakatoka safi. Kitufe kilichokwama akakiloweka, akakibonyeza hadi kikawa kinarudi chenyewe kila mara. Kisha akaijaza jaketi hewa na kuitundika kivulini ikauke.

Asubuhi waliijaribu kwenye maji ya kiunoni, nusu saa nzima. Muriithi aliridhika. Nelius hakuridhika, ila alizama. Kila jaketi ilipogusa mbavu alisimama, akasikiliza, akaendelea kupapasa tope kwa kiganja.

Mita kumi na moja chini, kiganja kilikuta kitambaa, halafu kifungo cha shati. Akavuta kamba ya boti mara tatu, ishara ya kwamba amempata.

Walipomfikisha ufuoni, Wawira alifungua leso yake kiunoni akamfunika Ngari uso. Kisha akamgeukia Nelius, ambaye bado alikuwa amevaa jaketi, maji yakimtiririka.

"Vua hiyo kitu, mwanangu," alisema. "Unatetemeka."