Chaji ya Simu ya Bi Hadda

Ugomvi wa Akila na mdogo wake Lotfi ulikuwa mmoja tu, na haukuisha: ile programu ya kumfuatilia mama yao inakula chaji au haili.

Mama yao, Bi Hadda, kumbukumbu zilikuwa zimemtupa mkono. Alikuwa akitoka kwenda sokoni, anajikuta ng'ambo nyingine ya Constantine, mji wa madaraja marefu juu ya korongo, hajui alikotoka. Ndipo Akila alipomvika simu shingoni kwa utepe, akaiwekea programu inayoonyesha alipo kwa kitone chekundu kwenye ramani. Akaifunga pia isipige namba yoyote ila yake na ya Lotfi, maana mama alikuwa akimpigia mumewe, marehemu Si Tahar, yaani Bwana Tahar, mchana kutwa. Namba ile siku hizi ilikuwa ya dereva mmoja wa mji wa Guelma, naye alikuwa amechoka kuambiwa awahi nyumbani.

Tangu hapo chaji ikawa haifiki alasiri.

"Dada, hicho kidude chako kinanyonya simu," Lotfi alisema kwa simu kutoka Annaba, mji wa bandari. "Kila saa kinauliza yuko wapi, yuko wapi. Kipunguze."

"Nikipunguze ili korongo limpate kabla yangu?"

"Na simu ikizima?"

"Wewe uliye mbali ndiye mwenye maneno mengi. Njoo umlinde kwa macho basi."

Lotfi hakuja. Alikuwa na kazi bandarini, na watoto.

Siku moja Akila alitoka kupeleka gandura, gauni la bibi harusi alilolidarizi kwa nyuzi za dhahabu, akamwacha mama amesinzia. Aliporudi alikuta mlango wazi. Akafungua ramani. Kitone kilikuwa kwenye daraja la Sidi M'Cid, kimegeuka kijivu, hakisogei. Simu ilikuwa imezima.

Akatoka mbio na kandambili za ndani. Darajani upepo ulikuwa mkali, na watu walikuwa wakipigana picha kama kawaida yao. Akila alishika nyaya za chuma akainama kutazama chini, kule mto unakoonekana mwembamba kama uzi. Alikuwa akitafuta mlaya nyeusi, vazi la kujitanda la mama yake. Kila jiwe jeusi lilimkata maini.

"Hujamwona mama mtu mzima, kavaa mlaya, ana simu shingoni?" alimuuliza muuza karanga.

"Akina mama wa mlaya hupita wengi, dada. Lakini hapa leo hajaanguka mtu. Tungesikia."

Alitaka kumtuliza, lakini kwa neno lile la kuanguka Akila alikimbilia kituo cha polisi.

Kituoni, askari alimuuliza mama alikuwa amevaa viatu gani. Akila, aliyezijua hatua zote za mama yake kwenye kioo cha simu, asubuhi ile hakumtazama miguu.

Akampigia Lotfi.

"Nilikwambia, Akila," alisema. Hakumwita dada. "Nilikwambia kitaimaliza chaji."

"Sema basi kwamba nimemuua. Sema."

Lotfi akasema kwa sauti ndogo kwamba anaomba ruhusa kazini.

Alasiri ikapita. Akila alishuka vichochoro vya Souika, mtaa wa kale ambako wazazi wake walianzia maisha, akiita "Hadda! Hadda!" mbele za watu. Tangu azaliwe hakuwahi kulitaja jina la mama yake kavu namna ile. Sauti ilikuwa imeshakauka simu yake ilipolia. Namba ilikuwa ya mama.

"Mama? Uko wapi, mama?"

"Si mama, mwanangu. Mimi Zleikha, nauza mikate ya kesra hapa Souika, nyuma ya hamamu. Mama yako yuko kwangu, anakula. Simu yake ilikuwa imekufa, nikaichomeka. Nimejaribu majina mengi, inagoma. Lako ndilo limekubali."

Akila alimkuta mama kwenye kigoda, kipande cha kesra mkono mmoja, simu mkono wa pili. Alipiga magoti akamshika miguu. Ilikuwa mitupu, nyayo zimechubuka.

Mama hakumtazama. Alikuwa akibonyeza picha ya Si Tahar. Simu ikaandika kwamba namba hiyo imefungwa. Akasubiri kidogo, akabonyeza tena, na tena, na kioo kikawa hakipati nafasi ya kuzimika.

"Hapokei," mama alisema. "Sijui nimemkosea nini."

Akila aliichukua simu taratibu, akafungua pale panapoonyesha chaji imeliwa na nini. Kufuatilia kulikuwa kumekula kidogo tu. Kufunga namba, karibu si kitu. Nyingine yote ilikwenda kwenye kioo, kilichowaka tangu asubuhi hadi simu ikazima.

Alimwambia Lotfi jioni ile.

"Kwa hiyo si programu?"

"Si programu. Ni mama anambishia hodi baba, nami ndiye niliyefunga mlango."

Lotfi alishusha pumzi. "Alhamdulillahi amepatikana. Basi nitakuja mwezi ujao, dada, kazi zikipungua."

Mama alipolala, Akila aliifuta ile namba ya dereva chini ya picha ya baba yao, akaweka ya Lotfi.

Asubuhi Lotfi alipiga simu.

"Amenipigia. Ameniita Tahar."

"Ukasemaje?"

"Nimeitika. Ningefanyaje? Akauliza ninarudi lini."

"Ukamwambia lini?"

"Nimemwambia leo."

Akila alichungulia chumbani. Mama alikuwa mbele ya kioo cha kabati, anajipaka wanja, mstari unapinda, anaufuta, anaanza upya.

"Nikiingia mlangoni, atamwona nani?" Lotfi aliuliza.

"Sijui, mdogo wangu," Akila alisema. "Wewe panda gari."